Dakika Mbili, Tononoka

Jina langu Mwanasiti Shee,
karani wa malipo, dirisha la nne.
Mwaka wa kumi na moja huu natazama watu
kupitia tundu la kioo lililotobolewa chini mno,
hata mgonjwa akitaka kusema nami
hana budi kuinama.
Andikeni hilo kwanza. Halimo katika mswada,
lakini andikeni.

Mlitaka maoni. Nimeyaleta
nyuma ya fomu ya ruhusa,
maana karatasi nyeupe ofisini kwetu
huhesabiwa kama dhahabu.

Kifungu cha kumi na tisa
chataka mchango wa mwaka, mkupuo mmoja.
Nyamvula akaanga viazi karai ubavuni mwa soko la Kongowea.
Yeye mwaka haujui. Jumanne anaijua.
Anajua bei ya mafuta ilivyoamka leo,
na anajua zamu yake katika mchezo wa wanawake kumi na wawili,
mchezo usio na wakili wala muhuri,
na haujamdhulumu mtu.
Sheria na ikae kigodani kwake ifunzwe:
ishirini leo, ishirini kesho,
na siku ya mvua, siku ya matanga,
asifutwe. Aandikwe: yu njiani.

Kifungu cha ishirini na sita:
mwanachama atambulike kwa alama za vidole.
Fundi Kitsao amejenga nusu ya Kisauni.
Kila ukuta umekula kidogo cha ngozi yake,
na sasa vidole vyake ni laini kama kigae.
Aviweka juu ya mashine,
mashine yasema: hayupo.
Mimi namwona!
Ana mkewe wodi ya tano,
ana risiti za miaka minne ndani ya pakiti ya maziwa,
amekunja kofia mkononi,
na mashine yasema hayupo.
Kati yenu, waheshimiwa, nani ataapa
kwa jina la mashine?

Kifungu cha arobaini.
Hapa naomba maji.

Bi Tima wa Kibokoni alikata roho Alhamisi, alfajiri.
Sanda ilikwisha kukatwa,
kaburi lilikwisha kuchimbwa,
wanaume wanne na jeneza langoni
wakisubiri adhuhuri, wakasubiri alasiri.
Bima ililipa ilipofika, ikasimama.
Ikabaki elfu themanini na mia tatu.
Kwenye skrini yangu kuna neno moja: ZUIA.
Nililibonyeza.
Kwa kidole hiki. Hiki kina alama nzuri kabisa,
mashine hainikatai hata siku moja.
Jumamosi msikiti ulichanga, akazikwa
amechelewa siku mbili miadi isiyocheleweshwa.
Deni ni la walio hai.
Liandikeni hivyo, kwa maneno hayo hayo,
wala nyuma yake pasije neno “isipokuwa”.

Kengele.
“Mama, muda wako umekwisha.”
Nyuma yangu kijana mwenye tai
alikuwa tayari amekohoa.

Na mkononi mwangu bado alikuwamo
mtoto aliyezaliwa usiku, hajapewa jina,
ambaye bima haimjui mpaka apate cheti,
na homa yake haikungoja cheti.
Bado alikuwamo Athumani wa Likoni
anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki
na daktari ameandika tatu.
Nikawakunja wote, nikawatia mkobani.

Nikipita meza ya mwandishi nilichungulia daftari:
Mwananchi (mke). Aunga mkono kwa jumla.
Ataka dirisha liinuliwe.

Jumatatu fundi Kitsao alirudi.
Akainama tunduni kama kawaida yake.
Nikamwambia, nipe kidole cha mwisho, cha kushoto,
kile kisichoshika mwiko.
Akakitazama kama mtu aliyekumbushwa
mwana aliyemsahau.
Mashine ikafikiri. Ikafikiri.
Foleni nzima ikanyamaza.
Nikaacha kiti, nikazunguka mpaka upande wa pili wa kioo,
nikakifuta kidole kile kwa upindo wa mtandio wangu,
tukajaribu tena.